Kila kibao cha mazoezi kitaje mtindo unaofundishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo sisi wazazi na walezi wa Moshi tumeliacha lipite kwa muda mrefu. Katika mji wetu neno karate limekuwa jina la kila kitu: mtoto akivaa nguo nyeupe na kufunga mkanda kiunoni, husemwa anakwenda karate, hata kama anachofundishwa huko ni taekwondo, judo au mchanganyiko ambao mwalimu mwenyewe hawezi kueleza umetoka wapi.

Miezi michache iliyopita mpwa wangu wa miaka 11 alivunjika mtulinga katika ukumbi mmoja ambao sitautaja. Kibao cha mlangoni kinasema karate, na dada yangu alimwandikisha mtoto akiamini hivyo. Siku hiyo watoto walikuwa wakifundishwa kubebana mgongoni na kubwagana juu ya sakafu ya saruji iliyotandikwa turubai jembamba. Nilipokwenda kuonana na mwalimu, alinipokea kwa heshima na kunieleza bila kificho kwamba yeye alisomea karate, na kwamba mbinu zile za kubwaga aliziongeza baada ya kuzitazama kwenye simu. Naamini hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu kwamba mbinu hizo zilizaliwa pamoja na utaratibu wake wa usalama, na kwamba anayechukua mbinu akauacha utaratibu amewachukulia watoto sehemu ya hatari peke yake.

Mbinu zile ni za judo. Kano Jigoro, aliyezaliwa Japani mwaka 1860, alikuwa kijana mwenye umbo dogo aliyechoshwa na kuonewa na wenzake, akaenda kujifunza jujutsu, yaani mapigano ya kale ya kukaba, kukunja viungo na kuangusha. Mwaka 1882 alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo, katika chumba chenye mikeka 12. Aliziondoa katika pambano huru mbinu zilizoweza kulemaza, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zao zote na kesho yake wakarudi mazoezini. Ndiyo maana katika judo somo la kwanza ni kuanguka: kidevu kinavutwa kifuani, mgongo unaviringika, na mkono mzima kuanzia kiganja hadi kwapani unaupiga mkeka ili kishindo kisiishie sehemu moja ya mwili. Mwanafunzi hulirudia somo hilo mara nyingi mno kabla hajaruhusiwa kupigwa mwereka. Mpwa wangu hakufundishwa kuanguka hata siku moja, na alipobwagwa alinyoosha mkono kuizuia ardhi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Karate ina asili nyingine kabisa. Chimbuko lake ni visiwa vya Okinawa, vilivyokuwa ufalme wa Ryukyu uliofanya biashara na China kwa karne nyingi, hadi Japani ilipoutwaa rasmi mwaka 1879. Mapigano ya wenyeji yalichanganyika na mbinu za kusini mwa China, hasa za mkoa wa Fujian, na jina lenyewe liliandikwa zamani kwa herufi zenye maana ya mkono wa China. Baada ya Funakoshi Gichin, mwalimu wa Okinawa, kuipeleka Tokyo mwaka 1922, polepole ikashika herufi nyingine inayotamkwa vilevile lakini yenye maana ya mkono mtupu. Hata mkanda mweusi ambao vijana wetu wanautamani sana ulianza kwa Kano, na karate ikauazima kutoka judo. Kwa kuwa msingi wa karate ni ngumi, teke na kukinga, sakafu ngumu haina madhara makubwa kwayo. Ipo mitama na miangusho michache ndani yake, lakini si moyo wa somo.

Hata ndani ya karate jina moja halitoshi. Shotokan, iliyotokana na mafundisho ya Funakoshi, hutumia msimamo mpana wa chini na ngumi inayotoka mbali. Goju-ryu ya Miyagi Chojun, ambayo niliifanyia mazoezi kwa miaka tisa ya ujana wangu na ambayo bado naipenda, maana yake ni ugumu na ulaini, na hupigana kwa karibu huku pumzi ikiongoza kila tendo. Katika mfuatano wake uitwao Sanchin, mwanafunzi hutembea hatua fupi huku vidole vya miguu vimeelekea ndani na misuli yote imekazwa, na mwalimu humgonga mabegani na mapajani kuona kama umbo linatikisika. Ni zoezi la dakika chache tu, lakini sijawahi kulimaliza bila jasho kulowanisha mgongo. Kyokushin ya Oyama Masutatsu, mzaliwa wa Korea, huruhusu kupiga mwili kwa nguvu zote bila glovu na hukataza ngumi ya uso. Mzazi wa mtoto wa miaka minane ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo inayomsubiri mwanawe.

Taekwondo nayo ni ya Korea, nchi iliyotawaliwa na Japani kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Baadhi ya vijana wake walijifunza karate huko Japani, wakarudi kufungua kumbi zao, na jina hilo likapendekezwa mwaka 1955. Nguvu yake iko katika teke la juu, kwa hiyo anayempeleka mtoto huko aulize kwanza kofia ya kinga na kinga ya kifua. Kung fu kwa Kichina ni ustadi wowote unaopatikana kwa muda na juhudi, na mitindo inayoitwa kwa jina hilo ni mingi mno, hivyo kibao chenye neno hilo peke yake hakijamweleza mzazi lolote.

Sipendi pia watoto wetu wakue wakidhani kwamba elimu hii yote ni ya Asia. Capoeira ya Brazili, mapigano yanayofanana na ngoma, ilijengwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao kutoka upande wa Angola. Sheria ya Brazili ya mwaka 1890 iliifanya kuwa kosa la jinai, lakini iliendelea kuishi mitaani hadi mwalimu wake mmoja, Mestre Bimba, alipofungua shule yake mjini Salvador katika miaka ya 1930, na mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa binadamu. Karibu zaidi na sisi kuna kirumbizi cha pwani, ambapo watu wawili hutambiana kwa fimbo huku ngoma na zumari zikilia.

Ninachoomba ni kidogo. Maofisa michezo wa manispaa wamtake kila mwenye ukumbi aandike mlangoni mtindo anaofundisha na mahali alikojifunza, na ukumbi wowote unaofundisha kuangusha uwe na magodoro ya mazoezi yanayoenea eneo lote la kuangukia. Walimu wanaotaka kuchanganya mitindo wasizuiwe, ila wawaalike wenzao waliosomea judo waje kuwafundisha watoto kuanguka kwanza.

Mfupa wa mpwa wangu umeunga, naye anataka kurudi mazoezini. Dada yangu ameniomba nimtafutie ukumbi, na wiki hii nimeshatembelea kumbi mbili. Katika zote niliuliza mtindo, nikajibiwa karate, na nilipouliza karate ipi, sikupata jibu.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi