Maggie Walker hakuuza mafuta ya nywele

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu picha zake zikiwa nyeusi na nyeupe na sijawahi kukuandikia. Lakini makala ya Jumapili kuhusu Bi. Walker, eti "malkia wa vipodozi aliyefungua benki", imenishinda kuinyamazia.

Hao ni wanawake wawili! Wa mafuta ya nywele ni Madam C. J. Walker, mzaliwa wa Louisiana, Marekani, kiwanda kikiwa Indianapolis. Wa benki ni Maggie Lena Walker wa Richmond, Virginia. Jina la Walker kila mmoja alilipata kwa mumewe. Mwandishi wako kawapika chungu kimoja, kisha kajaza safu nzima habari za kofia.

Na yaliyostahili kuandikwa kayaacha. Mama yake Maggie alikuwa dobi, na mtoto ndiye aliyezipeleka nguo kwa wenyewe. Alipoolewa mwaka 1886 ilibidi aache ualimu, maana shule hazikutaka mwalimu mwenye mume. Mwaka 1899 akakabidhiwa Independent Order of St. Luke, chama cha kuuguzana na kuzikana, mfuko ukiwa karibu mtupu. Mwaka 1901 akawaambia wanachama wanahitaji benki itakayopokea senti tano tano na kuzigeuza dola, na Novemba 1903 St. Luke Penny Savings Bank ikafunguliwa, rais wake ni yeye, wakati huo hata kura haruhusiwi kupiga. Senti tano tano, Mhariri, za madobi na watumishi wa ndani! Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wauza mboga. Mwaka jana nilipeleka hisa zetu benki, nyingi zikiwa sarafu. Kijana wa dirishani hata mfuko hakuugusa. "Mama, hizi wapelekee wenye maduka, wanatafuta chenji." Foleni nzima ikacheka. Nikajitwika mfuko wangu nikaondoka, na hadi leo hela zetu zinalala kwenye kisanduku cha makufuli matatu.

Halafu chini ya makala hiyohiyo mmeweka tangazo la rangi, mkopo wa dakika kumi, kitambulisho tu. Kausha damu! Mwenzetu alibebewa friji na kitanda kwa mkopo wa namna hiyo, watoto wanaangalia. Nafasi ya tangazo ipo, ila ya kueleza kwamba mwaka 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, benki ya Maggie iliungana na nyingine ikaendelea kuishi, haipo.

Sitaki ule msamaha wenu wa mistari miwili chini ya chemsha bongo. Makala irudiwe ukurasa wa 3, pale mlipoweka harusi ya yule mchezaji, na picha ya Maggie iwe ya Maggie. Kabla ya kuiandika, mwandishi ahudhurie kikao chetu cha Jumamosi, saa kumi kamili. Akichelewa atalipa faini ya shilingi 1,000 kama mwanachama mwingine yeyote.

Mweka hazina wa kikoba,
Morogoro