Kichekesho kiko kwenye mzinga, si kwenye sketi

Mhariri,

Kila anayetaka kuigiza vita vya majini vya Ziwa Tanganyika, kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, huanza na sketi ya Kamanda Spicer-Simson wa Uingereza. Ni kweli aliivaa, hata wenyeji wakambandika jina la Bwana Chifungatumbo. Lakini sketi huchekesha dakika mbili tu. Utamu umo kwenye vyombo.

Boti zake mbili alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wa London wakakataa, naye akaziita Mimi na Toutou, majina wanayodekezewa paka na mbwa kwa Kifaransa. Mtunzi wa Kiswahili hapo kapewa bure: mlinzi anauliza gizani, "Nani?" Anajibiwa, "Mimi."

Zilikuwa boti za mbao, futi 40, injini za petroli, mzinga omo, yaani mbele, na bombomu tezi, yaani nyuma. Mzinga ulipigwa kuelekea mbele tu. Ukipigwa ubavuni, teke lake lingeweza kuipindua boti. Kwa hiyo kulenga ni kazi ya mshika usukani. Mwigizaji anayezungusha mzinga kama feni ameshaharibu. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiendea Kingani, meli ya Wajerumani, kwa nyuma, maana nayo mzinga wake ulitazama mbele. Ilichukua dakika 11, na nahodha wake akafa. Hapo kicheko kikatwe ghafla, bila muziki.

Kingani ikatengenezwa, ikaitwa Fifi, ikafungwa mzinga mkubwa zaidi. Tarehe 9 Februari 1916, ikiifukuza Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani, ikapiga, na teke la mzinga likaisimamisha papo hapo. Adui anazidi kutokomea! Makombora yakabaki matatu. Moja likakwama, na kwa dakika 20 hivi watu wanahangaika na mzinga ulioshiba. Msiiruke sehemu hiyo kwa haraka ya kufikia Hedwig inazama.

Kisha Götzen, meli ya Wajerumani, Julai 1916. Mafundi waliotoka Ujerumani kusimamia kuungwa kwake Kigoma ndio walioamriwa kuiangamiza isitekwe. Wakapaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini bado zinafaa, na tangu 1927 ndiyo meli ya Liemba. Waigizaji wasiseme neno hapo: mikono, makopo ya grisi na majembe ya mchanga vinatosha.

Msomaji wenu,
Kigoma