Hiyo elfu mbili ya wazee iongezwe jameni

Mhariri, naomba nafasi niongee kuhusu hii pesa ya Inua Jamii, ile serikali inawatumia wazee, maana inatajwa tu kwa redio ikichelewa, halafu basi.

Mzee wa miaka 70 kwenda juu anapewa shilingi 2,000 kwa mwezi, mara nyingine inatumwa ya miezi miwili pamoja. Serikali ilipofungulia wazee wote wa umri huo mwaka 2018 ilikuwa 2,000, na ni 2,000 mpaka wa leo, kwani unga nao umesimama? Hapa Kaptembwa kuna shosho wanalea wajukuu wanne watano na hiyo pesa, na ikichelewa wanakopa kwa kioski, kwa hivyo ikifika inaenda kulipa deni moja kwa moja, watoto hawajaonja kitu.

Mtakumbuka Julai 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita 200, serikali ikasema iuzwe 100. Watu walizunguka duka hadi duka wakiambiwa imeisha, na baada ya uchaguzi hiyo mambo ikaondolewa. Ile ruzuku ilipitia kwa wenye viwanda vya kusaga. Mimi naona afadhali pesa imfikie mwenye njaa mwenyewe kwa simu, ajue atanunua gorogoro ya mahindi ama omena, lakini sasa iwe pesa inayotosha na iende ikipanda na bei ya chakula.

Tena kuna ule mpango wa serikali wa kutuma pesa za njaa huko kaskazini, ulianza Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Wanaustahili kabisa, ukame umewamaliza. Lakini njaa ya sisi tunaopanga kwa ploti za mjini haina picha ya ng'ombe waliokufa, so hakuna mtu anakuja kuiona. Sisi wa mtaa hatuna shamba, kila kitu ni kununua, hadi maji, kibarua ikikosekana siku mbili sufuria inakaa kavu. Katiba kifungu cha 43 inasema kila mtu asikae njaa, haijasema wa mashambani peke yake.

Na majina ya wanaopewa hii pesa yasomwe kwa baraza, mbele ya watu wote, tujue nani ameandikwa na nani ameachwa.

Wabunge wetu wa Nakuru, bajeti inasomwa kila Juni. Kabla ifike tuambieni nani kati yenu atasimama kuitetea hii pesa iongezwe.

Msomaji wenu,
Kaptembwa, Nakuru