Yah: Boti yenu iliyotujaza maji kwenye mdomo wa Ghuba ya Kigoma na kutuacha

Meneja,
Kampuni ya boti za watalii,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hujambo na kazi zako zinakwenda vizuri. Sisi huku Katonga tunaanika upya dagaa waliolowa, kazi isiyo na faida, maana dagaa mkavu akishalowa anabadilika rangi na harufu, na mnunuzi wa mwalo wa Kibirizi akimnusa mara moja anaweka chini na kwenda kwa mwingine. Waliobaki nitawauza kwa wafuga kuku, kama watawataka.

Majibu yenu ya malalamiko yangu nimeyapata. Mmeniandikia sentensi moja kwenye simu: "Nahodha alisimama, akahakikisha hali ni salama, akaendelea na safari." Kwa heshima zote, Ndugu Meneja, ama nahodha wako amekudanganya, ama wewe unanidanganya mimi. Mimi nilikuwemo kwenye ule mtumbwi. Sikusimuliwa.

Kanuni zenu mnazijua, sitawafundisha. Zimebandikwa ukutani mapokezi, juu ya kichwa cha yule binti aliyeniambia nisubiri meneja anatoka kikaoni, nikasubiri hadi ofisi inafungwa. Nilikuwa na muda wa kutosha kuzisoma. Mwendo wa taratibu karibu na vyombo vidogo, imeandikwa hivyo, kwa herufi kubwa.

Asubuhi ile tulikuwa tumetweka tanga tangu Katonga. Ilikuwa kusi nzuri, ile ya kusukuma bila fujo, na mtumbwi ulikuwa umebeba magunia ya dagaa. Baba yangu mdogo alikuwa nyuma na kafi la usukani, mtoto wa dada yangu ameshika kamba ya tanga, kijana mwingine mbele, na mimi katikati na mzigo wangu. Tukaizunguka rasi ya Bangwe, tukaanza kukata mdomo wa ghuba kuelekea Kibirizi. Wewe unaijua saa hiyo palivyo. Vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, vinarudi kutoka kuvua usiku, mitumbwi ya kina mama inakwenda kuvilaki, maboti ya mbao ya abiria wa vijiji vya kaskazini yanapakia. Maji yamejaa vyombo. Hapo ndipo boti yenu ikatoka upande wa mjini, pua imeinuka juu, ikapita katikati yetu na kipe kilichokuwa kinaingia. Ilipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumtupia nahodha kamba akaidaka.

Na iliposhafika ubavuni petu ndipo akakumbuka kupunguza. Hilo ndilo kosa la nahodha asiyejua kazi. Boti ya namna ile ikiwa inakimbia sana inakuwa imepanda juu ya maji, ikipunguzwa ghafla tako lake linazama na wimbi lake linakuwa kubwa kuliko lile la mwanzo. Kama unataka kupunguza, unapunguza mbali, unamaliza kabisa, unapita polepole. Ukipunguza nusu mbele ya uso wa mtu umemwongezea balaa. Mwalimu mmoja wa fizikia alinieleza kwamba wimbi likikua kimo mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Mimi nililijua hilo kwa mbavu zangu kabla hajanieleza.

Ukingo wa mtumbwi wenye mzigo unabaki juu ya maji kama shubiri moja tu. Wimbi la kwanza lilitulaza, la pili likaingia lote. Tanga likajaza maji, foromali, ule mti wa kushikilia tanga, ikapiga upande, na mtoto wa dada yangu akatoka chomboni. Boti yenu ikageuka, ikaja, ikasimama. Nahodha akasimama pia, akatutazama, akasema: "Viroba vyenu hivyo mnatuwekea njiani! Siku moja mtakufa." Kisha akavuta mashine akaondoka, na wimbi la kuondoka kwake likatuingia tena, mtoto bado yuko majini.

Kwa hiyo ni kweli alisimama. Hilo sikatai.

Naomba nieleze na la nyuma, kwa sababu yule binti aliniambia ni "tukio la bahati mbaya." Si bahati mbaya kwa sababu si mara ya kwanza. Wenye vipe wanalalamika boti zenu zinarudi na wageni gizani zinakata katikati ya taa za wavuvi kana kwamba zile taa ni mapambo. Chini ya kila taa kuna wavu na kuna watu wameinama juu yake. Kamba zimekatwa na wavu kuburuzwa, na hakuna aliyerudi kuuliza. Kina mama wa Kibirizi wanapoingia majini hadi kiunoni kupokea ndoo za dagaa wabichi, boti zenu zinapita na mawimbi yanawafika shingoni, na wengine wamebeba watoto mgongoni. Hayo yote walikuja kuyasema ofisini kwenu kwa adabu, kama mimi nilivyokuja, na wakaambiwa wasubiri kikao.

Nahodha wenu ana cheti, nadhani. Kama anacho, alifundishwa kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana majini za mwaka 1972. Kanuni ya 18 inasema chombo cha mashine kinampisha mwenye tanga, na kinampisha anayevua. Kanuni ya 13 inasema anayempita mwenzake ndiye anayekaa mbali, si anayepitwa. Asubuhi ile nilikuwa na tanga juu na kipe kilikuwa upande wa pili, yeye akaona nafasi yake iko katikati yetu. Tena anadai sisi ndio tuko njiani! Njia ipi? Mitumbwi ilikuwa inatoka Ujiji na Katonga kabla ya mji huu kuwa na gati. Ziwa hili ni letu sote, na sisi ni watu wa kutii. Serikali ilipofunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, tulifunga, tukala akiba, wengine tukakopa. Watu waliokaa miezi mitatu bila kipato kwa sababu wameambiwa na sheria, leo wanafundishwa njia na mtu ambaye hawezi kupunguza mwendo.

Na haraka ni ya nini? Mnapeleka wageni Gombe kuangalia sokwe. Sokwe wale walikuwepo kabla Jane Goodall hajafika mwaka 1960 na hawajahama mpaka leo. Mgeni akichelewa kidogo atawakuta. Mtoto wa dada yangu angechelewa kidogo tusingemkuta. Ukingo wa Tanganyika unashuka ghafla, na katikati kina chake kinafika mita 1,470. Anayezama hapa haopolewi kwa mti mrefu.

Sasa narudi pale aliposimama, kwa sababu mmeandika "akahakikisha hali ni salama" na hayo maneno yananiuma kuliko dagaa wangu.

Mtoto alikuwa majini upande wa boti yenu, si upande wa pili. Ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mkono mmoja, mkono mwingine umenasa kwenye kamba ya tanga. Nahodha alisogeza boti mpaka nikaweza kusoma namba yake, na mashine zilikuwa zinazunguka, hakutoa gia. Maji ya pangaboi yalikuwa yanachemka karibu na miguu ya mtoto. Nilipiga kelele "Zima! Zima mashine, kuna mtu!" Hakuzima. Ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ambayo nahodha anatakiwa aifunge mwilini ili akianguka mashine zizime zenyewe, ilikuwa inaning'inia tu kwenye usukani, mwisho wake hauna mtu. Niliiona kwa macho yangu inayumba. Nyuma yake mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye kofia ya bluu, alikuwa ameshachomoa boya la duara kutoka mahali pake na ameliinua atutupie. Nahodha akageuka, akamwonyesha kwa kiganja kwamba akae. Yule mama akabaki na boya kifuani, anatutazama, mdomo wazi. Ndipo yule bwana akatuambia kuhusu viroba na kufa. Hakupaza sauti sana. Alisema kama anavyosema mtu anayefukuza mbuzi kwenye ua wake. Halafu akaondoka, na boya lenu likaondoka naye.

Baba yangu mdogo, mzee kuliko baba wa nahodha huyo, ndiye aliyeacha kafi akajilaza juu ya ukingo na kumvuta mtoto kwa shati. Waliotusaidia kuchota maji ni watu wa kipe, waliokesha ziwani na kuchoka. Walituvuta kwa kamba mpaka Kibirizi na hawakuomba hata mafuta.

Huko ndiko kuhakikisha hali ni salama?

Nilipokuja mara ya kwanza, nilitaka barua ya kuomba radhi tu, iliyoandikiwa baba yangu mdogo kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyetukanwa mbele ya vijana wake. Lile jambo lingeweza kuisha pale mapokezi kwa karatasi moja na kikombe cha chai. Baada ya ile sentensi yenu, radhi peke yake haitoshi. Nataka nilipwe dagaa wote waliolowa kwa bei ya jumla ya Kibirizi ya siku ile, na tanga jipya, na foromali iliyopasuka. Orodha na bei nimeambatanisha, na wenye kipe wamesaini kuwa mashahidi. Simu ya mtoto wa dada yangu iliyozama nimeiweka pia, ingawa yeye aliniambia niiache.

Na nahodha yule asishike usukani wa boti yenu tena mpaka afundishwe upya na mtu mwingine amthibitishe. Simwombei njaa, ana familia kama mimi. Lakini mtu anayemkataza mwenzake kutupa boya hana sifa ya kubeba roho za watu, ziwe za wageni au zetu.

Boti zenu zote zitoke na kuingia ghubani kwa mwendo wa taratibu mpaka ziwe nje kabisa ya vyombo vyetu, asubuhi na jioni, na usiku zipite mbali na taa za wavuvi. Kila nahodha aifunge ile kamba mwilini. Haya siwaombi kama fadhila, mmeyaandika wenyewe ukutani.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Mkikaa kimya, au mkinitumia sentensi nyingine kwenye simu, nitaipeleka barua hii yenyewe, pamoja na namba ya boti na majina ya mashahidi, kwa TASAC wenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, na nitafungua jalada polisi, kwa sababu kumwacha mtu majini si suala la huduma kwa wateja. Nitakwenda pia kwenye kila hoteli ya mji huu inayowaletea ninyi wageni, niwaeleze yule mama wa kofia ya bluu alizuiwa kufanya nini. Huenda ameshawaeleza mwenyewe.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo mimi sikulianzisha, ila siwezi kulificha. Wenye mitumbwi wa Katonga na wenye vipe wa Kibirizi walikaa kikao mwaloni. Wamekubaliana kwamba kama hakuna jibu, asubuhi moja mitumbwi yote itatweka matanga na kukata mdomo wa ghuba polepole, kwa mstari, kwa kufuata kanuni ya 18 neno kwa neno, muda ule ule boti zenu zinapotoka na wageni. Hatutamgusa mtu wala kumtukana mtu. Mtatupisha tu, kama sheria inavyosema, mpaka wa mwisho apite. Na kesho yake tutarudi tena.

Nitakuja kuchukua nakala yenye muhuri wenu wa mapokezi Jumatatu asubuhi. Safari hii sitasubiri kikao kiishe.

Wako katika kutafuta haki,

Mwenye mtumbwi na mfanyabiashara wa dagaa,
Katonga, Kigoma.

Nakala: Mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), Mwalo wa Kibirizi
Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa
Kiambatanisho: Orodha ya mali iliyoharibika na saini za mashahidi