Idi Mubarak, mafundi cherehani: meza ya kukatia iwe mkono wa Idi

Asalaam alaikum, mafundi wa cherehani popote mlipo. Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na zaka ya fitri tuliyoitoa kabla ya sala, na awarehemu tuliofuturu nao mwaka jana ambao leo hatunao.

Salamu hizi tunazipeleka hasa kwa akina mama wanaoshonea nyumbani, na kwa waume zao. Kumi la mwisho ndilo lenye Lailatul Qadri, na ndilo hilo hilo ambalo kanzu na madera ya Idi humiminika kwa fundi. Wengi humaliza mwezi kiuno kimekaza na tarawehe zimewapita. Si wingi wa kazi peke yake. Ukikatia kwenye mkeka au meza ya kulia chakula, kitambaa kinateleza, upande mmoja unatoka mfupi, unafumua, unaanza upya, na usiku umekwisha. Kwa hiyo, bwana mwenye msumeno na randa anayefikiria mkono wa Idi wa kumpa mkewe, amtengenezee meza ya kukatia. Khanga na marashi ni zawadi njema, lakini meza hii itamrudishia nyakati zake za ibada.

Kipimo cha kwanza ni mwili wake. Asimame na ndara anazovaa kazini, akunje mkono. Pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha utoe sentimita 10. Kwa wanawake wengi utapata karibu na 90. Meza ya kulia ina kama 75, ndiyo maana inaumiza mgongo.

Uso uwe wa plaiwudi ya milimita 18. Bao zima ni sentimita 244 kwa 122. Likate 180 kwa 90. Kitambaa cha inchi 60 kikikunjwa kati kina upana wa sentimita 76, kinalala chote na rula inapata pa kukaa. Urefu wa 180 unapokea badani ya kanzu, yaani kipande kikuu cha mwili, bila kuikunja. Hapo ndipo watu hubana matumizi wakatengeneza meza ya 120, nasi tunawasihi msifanye hivyo. Kitambaa kinachoning'inia huvutwa na uzito wake, uzi unakwenda upande, na taharizi, yaani kipande cha ubavuni, ambayo tayari ina mshazari, inatoka imepinda.

Kabla ya kukata chochote, pima chumba. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi chini ya mita 3. Acha angalau sentimita 60 za kupita kwa pande tatu. Pima na mlango pia. Miguu ikipigwa misumari na gundi, meza huweza kukwama nje ya mlango; ifunge kwa boliti na nati ili ifunguke.

Fremu na miguu, mbao za inchi mbili kwa tatu zilizokauka sawasawa. Mbao mbichi hujipinda ikishakauka, na meza inaanza kucheza. Unga miguu kwa mbao za chini, sentimita 25 kutoka sakafuni. Ukanda wa karibu sentimita 32 uliobaki kwenye plaiwudi unatosha kuwa rafu juu yake. Irudishe rafu ndani kidogo ili vidole vya miguu vipate nafasi. Uso ushikwe kutoka chini kwa kona za chuma na skrubu za milimita 15. Za 25 zitatokeza juu na kurarua shifoni.

Kwenye msasa usifanye haraka. Namba 80, kisha 120, kisha 220, na kingo zote uzifanye duara. Halafu vaa soksi ya nailoni mkononi na upitishe kila mahali. Inaponasa, rudia hapo. Vanishi iwe isiyo na rangi, tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabisa kabla ya pili. Subiri harufu iishe, kisha sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Kikitoka na rangi yoyote, kanzu nyeupe isiguse meza hiyo.

Pasi isipigwe juu yake, kwa sababu vanishi hulainika kwa joto na kunata. Kile kipande cha sentimita 64 kwa 90 kilichobaki kifanye kibao cha pasi, bila vanishi. Tandika blanketi la pamba lililokunjwa mara mbili (la nailoni litayeyuka), juu yake kitambaa cha pamba cha marekani, na kaza kwa pini upande wa chini. Marekani ifuliwe kwanza, la sivyo itarudi kwa mvuke na kung'oa pini.

Kazi hii ifanywe Shawwal, baada ya kufunga sita, wakati wateja wamepungua na mama ana nafasi ya kusimama apimwe. Baada ya mwezi mmoja kaza boliti zote, maana mbao hunywea. Zikaze tena Shaabani, kabla vitambaa vya kanzu havijaanza kuletwa.