Rimu ya lori iliyotuita shule

Mhariri, naomba kanafasi gazetini kwako. Mimi nilianza la kwanza mwaka 1978, enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote hapa Tanzania, serikali ikitaka kila mtoto aende shule, basi tulibanana wanne dawati la wawili na wengine chini kabisa kwenye vumbi. Kengele yetu ilikuwa rimu kuukuu ya lori imening'inizwa mwembeni, kiranja akiigonga na nondo unaisikia mpaka ng'ambo ya mto, na kama hujafika mchakamchaka ujue fimbo inakungoja. Mkono mmoja fagio la chelewa, mwingine kidumu cha maji ya miche, daftari kwapani lisilowe.

Ila kinachoniuma ni walimu wetu. Wengi walikuwa vijana waliomaliza la saba tu, wakajifunzia ualimu hukohuko vijijini wakiwa kazini, watu wakawabeza sana. Lakini mwalimu wangu ndo alinishika mkono kwa vidole vyake vyeupe chaki, tukachora "a" pamoja mpaka nikaiweza. Jamani watafuteni wazee hawa muwaandike, wangali hai.