Barua kwa Mwanangu Kabla Hajapiga Jeki Gari Lake

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Amenieleza kwamba umeamua kubadilisha mwenyewe pedi za breki za mbele za gari lako la Toyota IST, nami nimefurahi, kwani kazi hiyo unaiweza. Lakini amenieleza pia kwamba utatumia jeki iliyomo kwenye buti, na kwamba hapo uani Kigamboni kuna tofali za kuongezea. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu, ili siku ya kazi uwe na karatasi hii mkononi.

Kazi ya jeki ni kupandisha gari, si kulishikilia. Ile ya kuzungusha kwa mkono ilitengenezwa ili mtu abadilishe tairi njiani huku mwili wake wote ukiwa nje ya gari. Kitako chake ni chembamba, na gari likisogea kidogo tu mbele au nyuma, jeki hulala. Jeki ya mafuta ina nguvu zaidi, lakini mzigo wote hubebwa na mafuta yaliyozuiwa na sili, na sili ikichakaa gari hushuka, pengine polepole bila wewe kutambua, pengine kwa kishindo. Gari lako lina uzito wa takribani tani 1. Nakuomba, mwanangu, hata mkono wako usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Tofali nazo ziache kabisa. Tofali la saruji huhimili mzigo uliosambaa, kama ulivyo kwenye ukuta; ukingo mwembamba wa bati la gari ukilikandamiza mahali pamoja hupasuka ghafla, bila kutoa dalili yoyote ya kukuwezesha kukimbia. Gari hukalishwa juu ya stendi za chuma, na kabla ya kuziamini stendi hukaguliwa kwanza: miguu isiwe imepinda, viungo vilivyochomelewa visiwe na ufa, na jino linaloshikilia nguzo ya stendi isishuke liwe limeingia lote katika nafasi yake. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe stendi zake za tani 3 na tani 6, kwa sababu jino lingeweza kuachia gari likiwa juu. Ndiyo maana mimi hupendelea zile zenye pini ya kuchomeka, na hata hizo siziachii gari bila kitu cha pili cha kulidaka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mchanga wa hapo kwako. Mguu mmoja wa stendi ukizama kuliko mingine, stendi huinama, na stendi iliyoinama haina kazi. Jeki ya magurudumu nayo ni lazima iweze kujisogeza kadiri inavyopandisha, kwa sababu mkono wake huinuka kwa kupinda. Magurudumu yakikwama mchangani, kichwa cha jeki huteleza au hulivuta gari. Ubao mpana na mnene husaidia, lakini kwa gari la kupandisha mbele yote ningependa uombe nafasi kwa jirani mwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Hakuna aibu katika kuomba.

Ukishaliegesha, weka gia kwenye P, vuta hendibreki hadi mwisho, kisha zuia tairi za nyuma kwa vipande vya mbao, mbele na nyuma ya kila tairi. Usiseme P inatosha. Gari lako linavutwa na tairi za mbele, na P hufunga tairi hizo hizo. Moja ikiwa hewani, difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa tairi mbili, huiruhusu izunguke, na ile iliyobaki chini nayo huwa huru. Zikiinuliwa zote mbili, gari linabaki kutegemea nyuma tu. Legeza nati za tairi nusu mzunguko kabla ya kupandisha, kwa maana kuzivuta gari likiwa juu ni kulitikisa.

Mahali pa kuweka jeki na stendi pameonyeshwa katika kitabu cha gari: pale ubavuni, nyuma kidogo ya tairi ya mbele, mshono wa bati una alama mbili, na stendi hukaa katikati ya alama hizo. Sampu ya oili, lile bakuli la chini ya injini, usiiguse kwa jeki. Lishushe gari polepole hadi uzito wote ukae kwenye stendi, acha jeki ikigusa tu bila kubeba, na ile tairi uliyoivua ilaze chini ya ubavu wa gari. Kisha lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni. Kama litalia au kusogea, lipandishe na uanze upya. Kazi ya pedi haikulazimishi kulala chini ya gari. Kaa pembeni, na boliti za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, zivute kwa nguvu ya taratibu, si kwa kushtua. Mtoto asikaribie, na ufunguo ukae mfukoni mwako.

Ukimaliza, shusha gari ndipo ukaze nati kwa mtindo wa nyota, hadi Niutoni mita 103 kama utapata spana ya kupimia. Kabla ya kulitembeza, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, kwa kuwa pistoni ya kalipa uliyoirudisha ndani ili pedi mpya ziingie huifanya pedali izame mwanzoni.

Stendi zangu mbili nimezifunga kwenye kiroba, na kaka yako atakuletea Ijumaa. Usianze kabla hazijafika, na mwombe abaki nawe hadi gari lishuke.

Wako akupendaye,
Baba